Jibu langu kuhusu uyoga

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kuna ubaya wowote ukila chokoleti ya uyoga ambayo rafiki yako ameahidi kuja nayo Kigamboni, kwa kuwa amekuambia kwamba huko ng'ambo uyoga huo sasa unatibu sonona, nawe vidonge ulivyoandikiwa umevichoka. Nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kula.

Rafiki yako hakukudanganya moja kwa moja. Kemikali iliyomo, silosibini, hugusa vipokezi vya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, na ndiyo maana mlaji huona maruweruwe kwa saa kadhaa. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 233 ambao sonona yao ilikuwa haisikii dawa, na waliopewa dozi moja ya miligramu 25 walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa miligramu 1, ilipofika wiki ya tatu. Australia nayo, tangu Julai 2023, inawaruhusu madaktari wa akili wenye kibali maalumu kuitumia. Hata hivyo, katika jaribio hilohilo walikuwapo, katika kila kundi, watu waliopatwa na mawazo ya kujiua au kujidhuru.

Asilokueleza ni nani hukataliwa tangu mlangoni. Watafiti huwaondoa wenye skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aamini au asikie yasiyokuwapo, na mara nyingi hata wale ambao ndugu zao wa damu wanaugua maradhi hayo. Wewe mjomba wako unamjua. Ulikuwa mdogo alipoziba dirisha la chumba chake kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano, akisema majirani wanamsikiliza kupitia nyavu, na akawa hali chakula ambacho hakukiona kikipikwa. Yalimwanza akiwa na umri kama wako huu. Sisemi kwamba umerithi, kwani wengi hawarithi. Nasema kwamba wewe ni miongoni mwa wale ambao hata wataalamu wanaoisifu dawa hii wasingethubutu kuwapa.

Isitoshe, anayekubaliwa huandaliwa kwanza, kisha hukaa na mtaalamu chumbani muda wote mpaka dawa imtoke. Pale ufukweni, hofu ikikupanda usiku na wenzako wote wamelewa, atakayekushika mkono ni nani? Na hiyo chokoleti yenyewe imetengenezwa na nani? Marekani, mwaka 2024, watu walilazwa hospitalini baada ya kula chokoleti za namna hiyo, na zilipopimwa zikakutwa na kemikali ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Habari za polisi sizigusi, kwani sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 unaifahamu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usile.

Kuhusu vidonge, usiviache ghafla, maana kizunguzungu na wasiwasi vinaweza kukurudia kwa nguvu ukadhani ugonjwa umezidi. Rudi kwa daktari, umweleze waziwazi kinachokuchosha, iwe ni usingizi au ni kule kujihisi mkavu ulikonitajia, kwa sababu dozi hubadilishwa, dawa nyingine zipo, na ushauri nasaha upo. Na safari hii umtaje mjomba wako, maana najua kwetu jambo hilo huwa tunalificha. Ukiona uzito kwenda peke yako, nipigie simu, Alhamisi nina nafasi.

Mama yako