Je, huzuni ya mama mchungaji ni dhambi?

SWALI: Mimi ni mke wa mchungaji hapa Malindi. Kwa miaka mingi nimeongoza akina mama, nimetembelea wagonjwa na kupika misibani. Tangu Pasaka sipati usingizi, nalia bila sababu, na kuna usiku natamani nilale nisiamke. Waombezi wa kanisa wamesema nina roho ya huzuni, kwa kuwa Mkristo ameamriwa kufurahi siku zote, na wamenitaka nifunge siku saba bila chakula. Je, nimetenda dhambi? Nifunge?

JIBU: Dada yangu katika Bwana, hujatenda dhambi, na usifunge. Hayo ya kutamani usiamke mwambie mumeo leo hii, akupeleke hospitali leo hii, na usiachwe peke yako usiku. Mengine ninayoandika yanaweza kungoja.

Waombezi wako wameishika Wafilipi 4:4 wakaisahau sura ya pili ya waraka huo huo. Humo Paulo anamtaja Epafrodito, mjumbe wa Wafilipi, aliyehuzunika sana na kuugua karibu na kufa kwa ajili ya kazi ya Kristo, na anakiri kwamba kama ndugu huyo angekufa, yeye mwenyewe angepata huzuni juu ya huzuni. Hakumkemea mgonjwa wala hakumtafutia pepo. Alimrudisha nyumbani, akawaagiza Wafilipi wampokee kwa furaha na kumheshimu. Aliyeandika "Furahini" ndiye aliyeandika hayo, na sioni kwa haki gani mtu achukue amri moja kwake na kuitupa nyingine. Bwana wetu mwenyewe alisema Gethsemane kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Nani atathubutu kusema alipungukiwa na imani?

Watakujibu kwamba pepo wa namna hii hatoki ila kwa kusali na kufunga. Wasome tena Marko 9. Maneno yale hayakuelekezwa kwa kijana aliyeteswa na pepo wala kwa baba yake, bali kwa wanafunzi waliouliza kwa nini wao wameshindwa. Basi wanaoshikilia andiko hilo wafunge wenyewe, wamwache mgonjwa ale. Nabii Eliya alipoomba kufa chini ya mti wa mretemu, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Mazungumzo yake na Mungu katika mlima Horebu yalikuja baadaye. Nasema haya kwa ukali kwa sababu tunaishi jirani na Shakahola, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400 ya watu walioambiwa kwamba njaa ingewafikisha kwa Yesu. Baada ya hayo, kiongozi wa maombi katika eneo hili anayemwagiza mtu asiyelala na anayetamani kufa akae siku saba bila chakula anabeba dhamana nzito mbele za Mungu.

Hospitalini sema yote, pamoja na yale unayoyaonea haya. Huenda wakakupima damu, kwa maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu na huzuni kama hii. Wakikuta ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na kukupa dawa, fahamu kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana, basi usiziache kwa kuambiwa kwamba unamtegemea binadamu. Luka, tabibu mpendwa, alifuatana na Paulo na hakuna aliyeona aibu.

Liko jambo ambalo hukuuliza. Washirika wote wana mchungaji, ila wewe mchungaji wako ni mume wako, na ukiwa na neno juu ya nyumba yako au juu ya kanisa huna pa kulipeleka. Mtafute mama mtu mzima wa kanisa jingine, mwenye kifua cha kutunza siri, ukae naye mara kwa mara bila ajenda ya huduma. Na usipoweza kusali, zisome Zaburi 42 na 88 kama sala yako. Hiyo ya pili inaishia gizani, na bado imo katika Maandiko.

Kwa mumeo, mchungaji mwenzangu, nasema hivi: waite wazee wa kanisa wiki hii, uwaambie mama anapumzika mpaka daktari atakaporidhika, na kikao cha akina mama pamoja na upishi wa misibani vipewe watu wengine kwa majina, wasije wakasema watasaidiana halafu wakamgongea mlango yeye yule.