Ukingo ukimeguka, usikimbilie zege

Mvua ya Mwanza ikishuka haina subira. Maji yanateremka milimani juu ya mawe matupu, Mto Mirongo unafura, na kukikucha unakuta ukingo umeliwa hadi karibu na msingi wa nyumba ya mtu. Anapigiwa simu fundi. Mimi ni fundi, na swali huwa ni lile lile: tujenge kwanza, kibali tutafute baadaye?

Inategemea unajenga nini. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Kwa hiyo mimi kazi huigawa mara mbili. Kupanga viroba vya mchanga, kuegemeza miti, kuzibua kalavati: hayo ni ya kuokoa, yafanye leo na taarifa itoke leo hii hii. Ukuta wa mawe, gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), na hasa kumwaga kifusi, visubiri kibali. Kifusi nakitaja kwa makusudi. Wapo wanaongoja mafuriko ili waongeze kiwanja, na maofisa wanawajua.

Taarifa ianzie kwa mtendaji wa mtaa, kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri. Nakala nyingine iende kwa ofisa mazingira wa halmashauri (ujue kwanza kama uko Halmashauri ya Jiji au Manispaa ya Ilemela, utajiepusha na nenda rudi) na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, nao wana ofisi ya kanda hapa hapa mjini.

Kabla hujagusa kitu, piga picha. Vuta tepu kutoka kona ya nyumba hadi ukingoni, namba zisomeke. Piga na alama ya tope ukutani, ionekane maji yalifika wapi. Ofisa atakuja mto umeshakauka, kuku wanaparua pale palipokuwa na mkondo. Bila picha utamweleza nini kuhusu dharura?

Vijana wa kazi nao wasimamie. Watataka kuchota mchanga wa viroba mtoni pale pale, yaani kuongeza shimo unalolikimbia. Dizeli ijazwe mbali na maji. Ukiwa ufukweni, matete yaache: yanavunja mawimbi bure, na sato hutengeneza viota kwenye kina kifupi cha karibu na hapo. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, wengi walitamani kuyafyeka ili wapate pa kujenga ukuta.

Maombi ya kibali cha ukuta wa kudumu yaanze kuandaliwa viroba vikiwa bado vinapangwa. Viroba vya plastiki vikipigwa na jua la Kanda ya Ziwa huchanika mapema, na masika mengine yanaweza kuvikuta ni matambara.