Jibu: kutabiri Filamu Bora ya Oscar

Habari ndugu wa Jinja. Umesema unafuata tuzo za Golden Globe na bado unakosea Filamu Bora. Kwanza angalia nani anapiga kura: Golden Globe huamuliwa na waandishi wa habari, si watu wa Akademia, chama kinachotoa Oscar. Mimi husubiri tuzo za vyama vya watayarishaji, waongozaji na waigizaji, maana baadhi ya wanachama wao hupigia Oscar kura. Forest Whitaker, yule aliyemwigiza Idi Amin wetu, alichukua ya waigizaji kabla ya Oscar ya 2007. Ila kwa Filamu Bora ya Oscar, mpiga kura hupanga filamu kwa mfuatano, ya kwanza, ya pili, kuendelea. Filamu inayogawanya watu, wengine wakiiweka juu na wengine chini, huumia hapo. Watayarishaji nao huhesabu hivyohivyo, kwa hiyo waangalie hao zaidi. Kuhusu tuzo za filamu fupi, sina mbinu.