Kabla hamjazunguka Ziwa Victoria kwa pikipiki, kubalianeni hela ya mafuta

Watu wakisikia tulizunguka Ziwa Victoria kwa pikipiki huuliza mambo matatu: njia, trafiki, na kama mgongo haukuuma. Mgongo uliuma. Njia na trafiki nitaeleza, ila kilichotaka kuvunja safari yetu kilikuwa hela ya mafuta, na watatu kati yetu hatukuwa na habari mpaka siku ya kumi, Kisumu, samaki akiwa mezani.

Tulikuwa wanne, wote wa Arusha. Mangi ana duka la vipuri. Dokta si daktari, ni jina alilopachikwa shuleni kwa ajili ya mwandiko wake. Hao wawili wana pikipiki za cc 250, mimi yangu ni cc 200. Wa nne ni Elia, mdogo wetu kwa miaka kumi na zaidi, anayeendesha boda mjini. Alikuja na ileile cc 150 anayobebea abiria. Mkataba wake na tajiri, yaani mwenye pikipiki, ulikuwa umeisha Juni, kwa hiyo ndiyo kwanza pikipiki ilikuwa imekuwa yake. Akabadilisha mnyororo na sproketi, akaweka tairi jipya nyuma, akafunga keria, basi.

Tuliondoka Jumamosi, Agosti 9, 2025, siku moja baada ya Nanenane. Tulikutana sheli moja Kisongo saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kuvaa makoti mawili.

Kwanza futa wazo la kukatiza Serengeti. Kwenye ramani njia ya Karatu, Ngorongoro hadi Bunda inavutia kweli, lakini pikipiki hairuhusiwi kupita hifadhini, hata ulie getini. Sisi tulishika Makuyuni, Magugu, Babati, Katesh, tukalala Singida. Siku ya pili tulishuka Sekenke, tukavuka mbuga za Wembere, Igunga, Nzega, tukalala Shinyanga. Siku ya tatu Mwanza. Ni karibu kilometa 800 za lami kabla hujaliona ziwa lenyewe. Singida jiandae kwa upepo wa ubavuni. Lori likikupita unahisi mtu amekuvuta begani kisha akakusukuma.

Siku hiyo ya kwanza ndipo tulipogombana. Mangi na Dokta walikuwa wanakwenda 100 wakati Elia yake ikipita 75 inaanza kutetemeka mpaka vioo havioneshi kitu. Nilibaki katikati, simfuati huyu wala yule. Tulifika Katesh, tukanywa chai, tukamaliza, Elia hayupo. Simu haipatikani. Nusu saa. Tukarudi kumfuata, tukamkuta kando ya barabara anakaza mnyororo, ametulia kabisa, anatushangaa sisi. Mangi akafoka kwamba angalau angepiga simu. Elia akamjibu kwa upole, "Kaka, nimepiga. Mlikuwa mnaendesha."

Kuanzia hapo mwendo wetu ukawa 70, na Elia akatangulia mbele. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ninayompa kila mtu: mwenye pikipiki ndogo aongoze, kwa sababu akiwa nyuma atajilazimisha kuwafikia, na anayejilazimisha ndiye anayeanguka. Ya pili, kila mmoja amwangalie wa nyuma yake kwenye kioo. Usipoiona taa yake, punguza. Usipoiona bado, simama. Wa mbele yako naye hatakuona, atasimama pia. Hakuna simu inayohitajika. Faida nyingine ni kwamba kwa mwendo huo, ukipunguza kwenye vibao vya 50, hupigwi tochi ya trafiki. Dokta alipigwa kabla ya Igunga, kwenye 50, siku ya pili alipochoka kuwa mpole. Faini ya pikipiki ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000, kwa hiyo alilipa akicheka. Alilipa mwenyewe, na hilo likumbuke.

Ukitoka Mwanza unarudi Usagara, unaelekea Kigongo. Zamani hapo ulisubiri kivuko. Sasa kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilometa 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Tulilivuka polepole kuliko ilivyohitajika. Kisha Sengerema, Geita, Chato ambako tulilala, Muleba, Bukoba. Bukoba pumzikeni siku nzima, na msidanganyike kwamba Agosti ni kiangazi: mvua ya huko haisomi kalenda. Koti la mvua liwe juu ya mzigo, si chini.

Mtu atakwambia mngepanda meli Mwanza hadi Bukoba mkapumzisha matako. Inawezekana, pikipiki zinapakiwa. Mama yangu ndiye aliyenikataza. Watu wa umri wake hawajasahau Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, na sikuwa na hamu ya kubishana naye.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia: ukizunguka ziwa, ziwa hulioni. Barabara kwa sehemu kubwa iko mbali na maji. Utaliona Mwanza, darajani, Bukoba, Jinja linapomwaga Mto Nile, Kisumu, Musoma, basi. Siku nyingine nzima unaona migomba na malori. Linalokwambia kwamba uko ziwa lilelile ni sahani. Dagaa wetu ukifika Uganda wanaitwa mukene, Kenya omena. Sangara anakuwa mputa, kisha mbuta. Kuogelea tuliacha, kwa sababu ya kichocho, ingawa Mangi alilalamika sana. Chandarua beba. Sisi watu wa Arusha tumezoea baridi inayofukuza mbu, tunasahau kwamba ukanda wa ziwa malaria haitanii.

Makaratasi sasa. Pasipoti, leseni yenye daraja la pikipiki, kadi ya pikipiki, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Bima yako ya kawaida inaishia mpakani. Omba kwa kampuni yako ya bima kadi ya njano ya COMESA, inayokulinda Kenya na Uganda. Zingatia hapa: kadi ya chanjo nayo ni ya njano. Mutukula, mpakani na Uganda, Mangi aliombwa ya bima akatoa ya chanjo, akaombwa ya chanjo akatoa ya bima, mpaka afisa akamwomba aweke zote mezani amchagulie mwenyewe. Forodha nao watakupa kibali cha kuingiza pikipiki kwa muda. Kitunze, utadaiwa unapotoka. Mipaka yote mitatu, Mutukula, Busia (Uganda na Kenya) na Sirari (Kenya na Tanzania), unamalizia kutoka na kuingia kwenye jengo la upande unaoingia, kwa hiyo ukipita upande wako bila kusimamishwa usidhani umebahatika.

Kadi ya Elia ilikuwa bado ina jina la tajiri wake. Kama yako iko hivyo, usiende hivyohivyo. Tafuta barua ya ruhusa iliyosainiwa kwa wakili, na itafute mapema. Elia alipoteza siku mbili za kazi kumsaka tajiri kwa saini moja.

Kabla ya Mutukula kuna Kyaka na daraja la Mto Kagera, lile ambalo majeshi ya Amin yaliliharibu mwaka 1978. Baba yake Mangi alipigana vita vile. Mangi alisimama pale dakika kumi bila kusema kitu, na kwa mtu anayemjua Mangi hizo ni dakika nyingi.

Uganda tuliingia vizuri, ni waya wa klachi wa Dokta uliokatika karibu na Masaka. Sasa ona. Elia alipata pancha Muleba kwenye mvua, na mafundi watatu wakajitokeza kabla hajavua kofia, kila mmoja ana tyubu ya saizi yake. Pikipiki ya cc 150 ya boda ina vipuri kila kijiji kuanzia Arusha hadi Kisumu. Waya wa Dokta ulibidi utafutwe Kampala, tukalala Masaka usiku wa pili tukiusubiri. Kama una pikipiki isiyo ya kawaida, beba waya wa klachi na wa breki, plagi, tyubu mbili na kiungo cha mnyororo. Mtu mwenye duka la vipuri alikuwa miongoni mwetu na hakuna aliyebeba waya. Sisemi zaidi.

Masaka hadi Kampala unavuka ikweta pale Kayabwe, na utaivuka tena Maseno ukikaribia Kisumu. Kampala piteni kati ya saa nne na saa nane mchana au msipite kabisa. Busia tulinunua maji tu, lakini Elia alisimama akapiga picha: neno boda lilizaliwa hapo, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.

Na ndivyo tulivyofika Kisumu.

Mpango wetu wa hela ulikuwa kapu moja. Arusha kila mmoja aliweka 350,000, Bukoba tukaongeza 250,000, na Dokta ndiye aliyelishika. Chakula, malazi, mafuta, vyote humo. Tuliona ni jambo la kindugu. Kisumu, tukiwa tunakula ngege (sato wetu) wa kukaanga, Dokta akasema kapu limekauka, kila mtu atoe 200,000 tena. Elia akanawa mikono, akaifuta taratibu.

"Kaka zangu, mimi kesho nashika njia ya Nairobi. Natokea Namanga, nafika nyumbani."

Mangi alidhani anaumwa. Mimi nilidhani kuna msiba. Tukamsumbua mpaka akatoa simu, akafungua mahali alipoandika kila lita aliyoweka tangu Kisongo. Mwendesha boda anaijua lita yake kama mama ntilie anavyoijua kilo yake ya mchele. Kwa kilometa zile 1,800 na ushei alikuwa ametumia lita 41. Mangi na Dokta walikuwa kwenye 65 kila mmoja, mimi 52. Ukigawa kwa wanne ni karibu lita 56 kila kichwa. Yaani Elia alikuwa amelipia lita 15 zilizoingia kwenye matangi yetu, zaidi ya shilingi 45,000, na juu yake usiku wa Masaka tuliolala kwa ajili ya waya wa Dokta. Mwenye kipato kidogo kuliko wote ndiye aliyekuwa anatuongezea mafuta, na huku nyumbani kila siku aliyokuwa nasi ilikuwa siku isiyo na abiria.

Dokta akamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Elia akaangalia sahani. "Ningeanzaje? Ninyi ni kaka zangu."

Hapo ndipo ninapotaka mwenye umri mkubwa asome vizuri. Mdogo hatadai hela kwa kaka zake mezani. Tumemlea hivyo wenyewe, tukamsifu kwa hilo. Atakaa kimya hadi amalize akiba, kisha ataaga kwa adabu, na wewe utabaki ukisema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Hesabu lazima ifunguliwe na mkubwa, na ifunguliwe kabla ya safari, tena kwa swali la wazi: nani anatumia kiasi gani kwa kilometa mia? Ukingoja mdogo aulize, utangoja sana.

Usiku uleule tulipanga upya. Mafuta kila mtu anajilipia kwenye pampu. Malazi na chakula ni kapu, mgawo sawa. Pikipiki ikiharibika, gharama na usiku wa kusubiri ni vya mwenye pikipiki. Kapu likaguliwe na wote kila baada ya siku tatu, mtunzaji asome kwa sauti. Mangi alimrudishia Elia hela yake palepale kwa niaba yetu. Sisi tukamlipa Mangi nyumbani, ingawa Dokta alichukua muda. Pia tukakubali kwamba siku 10 tulizopanga zilikuwa ndoto. Tulimaliza kwa siku 14, na ningemwambia yeyote apange hizohizo 14 kwa kilometa kama 3,000, mwendo wa 70.

Elia akabaki. Asubuhi tulishuka Migori, tukavuka Sirari kuelekea Musoma. Kwa kurudi si lazima mwingie Mwanza tena: pale Lamadi kateni Bariadi, Maswa, mtokee barabara ya Shinyanga, ni lami na ina utulivu.

Sheli ya kwanza upande wetu tulisimama wote. Elia alijaza lita sita, akalipa, akahesabu chenji yake mara mbili, akaenda kukaa kivulini chini ya mwembe akitusubiri. Dokta alikuwa bado anajaza.