Dirisha la kontena linavuja: usiongeze silikoni

Pole sana dada. Umeeleza kwamba kontena lako la saluni hapo Mikindani linaingiza maji dirishani mvua ikija na upepo, plaiwudi ya ndani imevimba, na fundi kila akija anapaka silikoni nyingine juu ya ile ya zamani. Mzuie. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Maji yanapenya katikati.

Kwanza tafuta yanapoingilia. Mtu mmoja abaki ndani na tochi, wewe mwaga maji kwa mpira wa maji ukianzia chini ya fremu, upande juu taratibu. Ukianzia juu hutajua kitu, maana maji yanateremka kila mahali. Angalia na bolti zilizo juu ya dirisha.

Kisha fremu itolewe kabisa. Kwangua silikoni yote, sugua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, paka redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu), ikauke. Hapa kwetu chumvi ya bahari haisamehi chuma kilichoachwa wazi. Unaponunua silikoni ya kurudishia fremu, ikatae ile yenye harufu kali ya siki, inakula chuma. Omba ya nyutro, yaani isiyotoa asidi. Na vile vitundu vya chini ya fremu ya alumini, tafadhali visizibwe! Ndivyo vinavyotoa maji nje.

Plaiwudi ichome kwa bisibisi: ikizama kama mkate, kata kipande hicho. Iliyo ngumu iache wazi ikauke kabisa ndipo ufunge.