Kusomea Uzamivu Kigoma Ukiwa na Kazi na Watoto

Nilipojisajili kusomea shahada ya uzamivu nilikuwa na watoto wawili, ajira ya kudumu katika ofisi inayoshughulika na uvuvi hapa Kigoma, na ahadi ya mdomo ya mkuu wangu wa kazi kwamba ningepewa nafasi ya kusoma. Ahadi hiyo ilidumu miezi mitano. Mkuu huyo alihamishwa, aliyeshika nafasi yake hakukuta karatasi yoyote katika jalada langu, na mwaka wote wa kwanza nilikusanya takwimu kwa kutumia siku zangu 28 za likizo, ambazo watoto walizoea kuwa siku za kwenda Kasulu kwa bibi yao. Kabla hujalipa ada, andika barua inayotaja idadi ya siku unazoomba, kwa miaka mingapi, na nani atabeba majukumu yako usipokuwepo. Kisha subiri jibu lenye saini.

Utafiti wangu unahusu upotevu wa dagaa baada ya kuvuliwa: hasara wanayoipata wanawake wa mwalo wa Kibirizi, mahali wavuvi wanaposhushia samaki hapa Kigoma, wanaoanika juu ya mchanga, ikilinganishwa na ya wale wanaoanika juu ya chanja, hasa mvua zinapoanza mwezi wa Novemba. Mwanzoni nilijipangia saa mbili za kuandika kila usiku, kama nilivyoshauriwa na wengi waliotangulia. Ratiba hiyo ilinishinda kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu mtu aliyefika mwaloni alfajiri kupokea mitumbwi, akaenda ofisini, akarudi kupika na kukagua madaftari ya shule, hana akili iliyobaki ya kuandika saa nne usiku.

Nilichelewa kutambua kwamba ziwa lenyewe lilikuwa limekwisha kunipangia kalenda. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa wakishona nyavu. Tangu hapo siku za giza nimezifanya kuwa za mwaloni, na mume wangu ndiye anayewaandaa watoto kwenda shule; siku za mbalamwezi ni za kuandika na kukaa na familia, na Jumapili kompyuta haifunguliwi kabisa. Uvuvi ulipositishwa ziwani kwa upande wa Tanzania, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, niliogopa kwamba takwimu zangu zingeharibika, na kweli zina pengo ambalo nimelazimika kulieleza katika tasnifu, lakini miezi hiyo mitatu ndiyo iliyonipa sura mbili nzima. Mwalimu naye ana mihula, mkulima wa tumbaku ana msimu. Tafuta mzunguko ambao kazi yako tayari inao, uupangie masomo humo, badala ya kuigawa kila siku mafungu sawa.

Kuhusu familia, kosa langu lilikuwa kuwaomba wanivumilie bila kuwaeleza wanavumilia kitu gani. Mama mkwe, mzaliwa wa Ujiji, aliona masomo yangu kuwa njia ya kukwepa nyumba, na sikumlaumu, kwa maana alichokiona yeye ni mlango uliofungwa tu. Siku moja nilimsomea dodoso langu. Alinisikiliza hadi swali la saba, akasema, "Mwanangu, nani mwaloni atakujibu kwa kilo? Sisi tulihesabu kwa ndoo na beseni." Alikuwa ameanika dagaa miaka mingi kabla sijaolewa. Nilibadilisha maswali, nikapima ujazo wa ndoo zinazotumika pale, na majibu ya wanawake yakaanza kuoana na nilichokiona kwenye chanja. Leo yeye ndiye anayeuliza sura imefika wapi, na siku za mwaloni hulala kwetu bila kuombwa. Ndiyo maana naamini mtu mwenye familia achague mada iliyo karibu na nyumbani kwake. Kuna wanaoiona mada ya namna hiyo kuwa ndogo. Mimi nadhani kinachokwamisha wengi ni mada inayowataka wasafiri mbali kila mara.

Lililoniuma zaidi ni cheo. Nikiwa mwaka wa pili niliombwa kukaimu ukuu wa kitengo, nafasi niliyoitamani kwa muda mrefu, nikakataa baada ya kulala nayo siku tatu. Ilikuwa na safari nyingi, na sikuweza kuongeza safari juu ya siku za giza ambazo tayari sikuwa nyumbani. Mwenzangu aliichukua, anaifanya vizuri, na wivu ninao hadi leo. Anayetaka shahada, cheo na malezi ya watoto wadogo ndani ya miaka ileile minne aketi na mwenzi wake waamue mapema kipi kitasubiri, na waamue kwa kutaja mwaka. Sisi tulikubaliana kwamba cheo kisubiri hadi mdogo amalize darasa la nne.