Ukikutana na Kanzler, tafuta kwao

Mwaka wangu wa kwanza wa kufasiri Kijerumani nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Barua ya chuo kikuu kimoja cha Ujerumani ilimtaja Kanzler, nami nikaandika "Mkuu wa Chuo", kwa sababu kwetu chansela ndiye huyo anayetunuku shahada siku ya mahafali. Kumbe kule Kanzler wa chuo ndiye msimamizi wa utawala na fedha. Kijana niliyemfasiria akaandika maombi marefu ya kupunguziwa ada, akamwelekezea asiyehusika.

Tangu siku hiyo silifasiri neno la utawala kabla sijajua kwao, yaani asili yake. Nawe unayejifunza Kijerumani nakusihi ufanye hivyo, ukianza na hilihili.

Warumi walikuwa na cancelli, uzio wa fito zilizopishana, uliotenga mahakimu na watu waliokuja na kesi. Aliyesimama penye uzio akaitwa cancellarius: kwanza bawabu, baadaye karani. Sasa fikiria kazi ya karani. Anaandika, anatunza mhuri, anajua siri za bwana wake. Wafalme wa Ulaya wakamsogeza karibu, na cheo kikapanda. Mwaka 1867 mwanasiasa Bismarck akawa Bundeskanzler, yaani kansela wa shirikisho, mkuu wa serikali ya Shirikisho la Ujerumani ya Kaskazini, na 1871 Reichskanzler, kansela wa dola nzima. Baada ya vita vya pili vya dunia, Adenauer akawa Bundeskanzler wa Ujerumani Magharibi mwaka 1949. Angela Merkel alipoingia 2005, mwanamke wa kwanza katika cheo hicho, Bundeskanzlerin, umbo la kike la neno hilo, likachaguliwa kuwa neno la mwaka.

Ukishauona ule uzio, jamaa zake hawakusumbui tena. Kanzlei ni ofisi ya mawakili. Kanzel ni mimbari, maana ilikaa karibu na uzio wa kanisani. Hata "kukansel" safari kwa lugha ya mtaani kumetoka hukohuko: maandishi yalifutwa kwa mistari iliyopishana kama fito.

Ila asili peke yake haitoshi. Bundeskanzler wa Austria ni mkuu wa serikali. Wa Uswisi anaongoza ofisi inayoihudumia serikali, na huyo yuko karibu zaidi na yule karani wa kale, sawa na kansela wa jimbo la Kanisa Katoliki anayetunza nyaraka za askofu. Kwa hiyo uliza pia mwenye cheo anafanya kazi gani hapo alipo. Mimi kwa chuo cha Ujerumani sasa naandika "mkuu wa utawala na fedha", hata kama mteja ananiambia ni refu mno.